Skramu Haipimwi kwa Mizani

Muhula wa kwanza ndio msimu wa raga ya wachezaji 15 katika shule zetu za sekondari, na mechi kubwa ikikaribia husikii lingine kuanzia Mtwapa hadi Malindi: skramu yetu ni dhaifu. Vijana wetu wembamba. Wa Magharibi wana miili, wa Nairobi wana miili, sisi wa Pwani tutasukumwa hadi nyuma ya milingoti. Walimu wanasema hivyo, wazazi wanaitikia, na wachezaji wanaingia uwanjani wakiwa wamekwisha kushindwa.

Imani hiyo haina msingi, na inawaumiza watoto wetu.

Hiyo hofu ya kusukumwa, kwanza. Sheria za kimataifa za wachezaji walio chini ya miaka 19 haziruhusu skramu isukumwe zaidi ya mita moja na nusu. Timu ikizidisha, mwamuzi anapuliza kipenga na kuiadhibu. Hata mkikutana na majitu, hayana ruhusa ya kuwapeleka nyuma uwanja mzima. Mtoto wa kidato cha tatu anayekosa usingizi usiku wa kuamkia mechi angelala vizuri lau mtu angemweleza kifungu hicho kimoja.

Kisha tazama miguu. Nenda mazoezini jioni, jua la kaskazi likipungua makali, usitazame mpira, tazama miguu ya wale watatu wa mstari wa mbele. Kijana amerudisha miguu nyuma mno, makalio yamepanda juu ya mabega, mgongo umepinda, macho yanahesabu nyasi. Wakigusana tu na wenzao, anaanguka kifudifudi, na mtu pembeni anapiga kelele kwamba hali ugali wa kutosha. Ugali hauhusiki hapo. Msogeze miguu mbele kiasi cha shibiri. Apinde magoti, anyooshe mgongo, ainue kidevu, aikamate jezi ya mwenzake barabara asiiachie. Wawili walio nyuma yao waweke mabega chini ya makalio ya walio mbele, halafu wangoje. Huko kungoja ndiko kugumu kuliko yote, maana kila kijana anataka kusukuma kwanza ili aonekane ana nguvu. Mpira ukitumbukizwa, wote wanane wakaze kwa pamoja, kwa hatua fupi. Yule yule aliyekuwa akianguka utamkuta amesimama.

Pwani hii si ya kufundishwa jambo hilo na mgeni. Mashua nzito hupandishwa ufukweni na wavuvi waliokonda, kwa kuwa mmoja anaita na wote wanaitika kwa mabega.

Anayetaka ushahidi wa mbali akumbuke Brighton, Septemba 2015, Kombe la Dunia, Japani dhidi ya Afrika Kusini. Wajapani walikuwa wamefundishwa skramu na Mfaransa Marc Dal Maso, aliyewazoesha kwenda chini na kusukuma kama mtu mmoja. Dakika za mwisho walikuwa nyuma 32–29, wakapata penalti ambayo kwa teke moja ingewapa sare. Nahodha wao, Michael Leitch, akachagua skramu. Kweli, Afrika Kusini ilikuwa imepungukiwa na mchezaji mmoja kwa kadi ya njano, lakini timu inayoiogopa skramu yake haiombi skramu wakati kama huo. Karne Hesketh akafunga trai pembeni, ikawa 34–32.

Sisemi uzito hauna kazi kabisa. Katika ngazi ya timu ya taifa una kazi. Julai 2022, kule Aix-en-Provence, Simba, timu yetu ya Kenya ya wachezaji 15, walifungwa 36–0 na Namibia wakiwania tiketi ya Kombe la Dunia, na mchezaji wa daraja hilo lazima ajenge mwili kwa miaka. Lakini hao ni watu wazima. Kumbebesha mvulana wa Ganze au Magarini mzigo huo ni kumwonea.

Udhaifu wetu una chanzo kingine kabisa. Karamu ya raga ya Pwani ni Driftwood, pale Mombasa, nayo ni raga ya wachezaji saba, ambayo skramu yake ina watatu tu kila upande. Tunaipenda, na tuna haki. Timu yetu ya taifa ya wachezaji saba iliifunga Fiji 30–7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016. Ila mtoto aliyekua akitazama mbio hizo anaweza kukutana na skramu kamili ya watu wanane kwa mara ya kwanza siku ya mechi. Hapo tatizo ni mazoezi, si mwili. Tena skramu nyingi huzaliwa na mpira ulioponyoka mikononi kwenda mbele. Anayeiogopa skramu na awafundishe vijana kudaka, hasa mikono ikiwa na jasho.

Linaloniudhi hasa ni lile linalofanywa wiki ya mwisho. Anatafutwa mvulana mnene kuliko wote shuleni, ambaye hajawahi kushika mpira wa raga, anavalishwa jezi na kuwekwa mstari wa mbele awe propu. Shingo yake ndiyo inayopokea msukumo wa timu mbili. Sheria inataka wanaocheza mstari huo wawe wamefunzwa nafasi hiyo, na inataka hivyo kwa sababu watu wamevunjika shingo. Mwalimu anayemtia mtoto huyo pale anacheza na uti wa mgongo wa mtoto wa mtu, na mzazi anayejua ana haki ya kuingia ofisini na kukataa.

Na njia ipo. Timu isiyo na watu waliofunzwa wa mstari wa mbele inamwambia mwamuzi, naye anaamuru skramu zisizosukumwa: wanashikana, mpira unatumbukizwa, timu iliyoutumbukiza inautoa, mchezo unaendelea. Mwalimu aseme mapema, kabla ya kipenga cha kwanza.