NYUMBA NA VYOMBO VYAKE: Betri ya Umeme wa Akiba

Chombo cha umeme wa akiba, kile kisanduku kizito kinachowekwa kando ya kompyuta katika ofisi ya kituo cha polisi, katika zahanati ya kambi, na siku hizi hata sebuleni, kina tabia moja mbaya: huonekana kizima hadi siku kinapohitajika. Taa yake ya kijani huwaka kila asubuhi. Lakini taa hiyo mara nyingi hueleza tu kwamba umeme wa ukutani upo. Habari za betri iliyomo ndani haizijui. Umeme ukikatika usiku, mkunga akiwa kazini chini ya taa iliyounganishwa nacho, kisanduku hulia mara mbili kisha hunyamaza.

Betri iliyomo katika vingi vya visanduku hivi ni ya risasi na asidi, ukoo mmoja na ile ya gari, na asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859. Tofauti ni kwamba hii imezibwa kabisa. Haitiwi maji wala haifunguliwi. Kwa kawaida ni ya volti 12, na umri wake ni miaka 3 hadi 5.

Adui wake wa kwanza ni joto. Umri huo hukadiriwa kwa joto la nyuzi 25 za Selisiasi, na kila joto linapozidi kwa nyuzi 10 hivi, umri hupungua karibu nusu. Kwa hiyo kisanduku kilichosukumwa nyuma ya friji, au kilichofunikwa kitambaa cha kufuma ili kipendeze, kinauawa polepole. Vitambaa vya kufuma vina mahali pake, lakini si juu ya matundu ya hewa.

Adui wa pili ni njaa. Betri iliyoachwa bila chaji hufanya chumvi ngumu juu ya bamba zake za risasi, na chumvi hiyo ikikomaa haiyeyuki tena. Familia iliyohamishwa kikosi, vyombo vikakaa masandukuni kwa miezi mingi, aghalabu huikuta betri imekufa ilhali haikutumika. Yafaa ijazwe chaji kabla ya kufungwa, kisha irudishiwe kila miezi 6, na mapema zaidi penye joto.

Kuipima hakuhitaji fundi. Kila miezi 3, kisanduku kikiwa kimechaji kutwa nzima, kompyuta iondolewe na mahali pake iwekwe taa ya mezani, daima ile ile, yenye balbu ya wati zile zile. Swichi ya ukutani izimwe, na saa itazamwe. Dakika ziandikwe katika karatasi iliyobandikwa ubavuni, pamoja na tarehe betri ilipotiwa. Betri iliyowasha taa hiyo kwa dakika 40 ilipokuwa mpya, na sasa haifikishi 20, imekwisha, hata kama kisanduku chasema imejaa. Baada ya jaribio umeme urudishwe papo hapo. Betri iliyovimba au inayovuja haina haja ya kupimwa, iondolewe.

Kuibadilisha ni kazi fupi. Kisanduku kizimwe na kuchomolewa ukutani, pete na saa za chuma zivuliwe, na mchoro mdogo uonyeshe waya mwekundu na mweusi ilishika wapi. Betri ya zamani ipelekwe dukani ili mpya ifanane nayo kwa volti, amperi-saa na umbo. Zikiwa mbili, zibadilishwe pamoja, kwani kuukuu huidhoofisha mpya. Wako wanaounganisha betri ya gari kwa nyaya ndefu. Hiyo hutoa gesi yenye kulipuka ndani ya nyumba, na haikuumbwa kumalizwa chaji mara kwa mara.

Linalobaki ndilo zito kuliko yote. Askari anaijua risasi ya bunduki. Ya betri ni metali hiyo hiyo, na nyumbani huua bila mlio. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi kwa miaka mingi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikairudisha hukumu hiyo baada ya kutenguliwa katika rufaa. Basi betri isivunjwe uani kwa nyundo ili risasi yake iuzwe kwa kilo, wala asidi isimwagwe bustanini. Ikae wima katika ndoo ya plastiki, ncha zikiwa zimezibwa kwa utepe wa fundi umeme, mahali ambapo mtoto hafiki, mpaka irudishwe kwa muuzaji anayezipokea kuukuu.