JINA KWANZA, KUGEUZA BAADAYE



Siku hizi nyumba nyingi zina king'amuzi chenye tundu la kuchomeka flashi au diski. Mtu hubonyeza kitufe tu, na kipindi cha televisheni kikarekodiwa. Baada ya miaka michache diski hujaa mafaili yenye majina kama REC0047.ts na REC0048.ts, wala hapana ajuaye lipi ni mchezo wa mpira na lipi ni taarifa ya habari. Ndipo kijana wa nyumbani huambiwa, "Hebu tutengenezee mambo haya, tupate kuyatazama sebuleni." Naye jambo la kwanza alifanyalo ni kuyageuza yote yawe madogo. Mimi naona ya kwamba kijana huyo ameanzia mkiani. Kazi ya kwanza ni kuyapa majina.

Fikirini jambo hili. Faili kubwa lenye jina na tarehe, mtu yeyote aweza kuligeuza mwakani, au hata baada ya miaka kumi. Lakini faili dogo lisilo na jina ni kama barua isiyo na anwani. Ajuaye habari yake ni yule aliyelirekodi, naye akisahau au akifariki, hapana programu iwezayo kumwuliza. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena mfano upo, nao umetoka katika Afrika yetu. Katika miaka ya 1960 na 1970 Shirika la BBC la Uingereza lilifuta kanda nyingi ili kuzitumia tena, na filamu nyingine likazitupa. Hivyo sehemu nyingi za mchezo uitwao Doctor Who zikapotea. Lakini nakala zilikuwa zimepelekwa kuonyeshwa katika nchi za mbali, na mwaka 2013 ilitangazwa ya kwamba sehemu 9 zilizokuwa zimepotea zimeonekana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Aliyezipata, Philip Morris, alieleza ya kuwa alipangusa vumbi juu ya mikebe, akaona utepe ulioandikwa jina la mchezo huo. Utepe ule mdogo ndio uliomwambia kilichomo ndani.

Sasa tuje nyumbani. Seva ya nyumbani ni kompyuta moja tu, hata ya zamani, inayowekwa mafaili yote, nayo huyapeleka kwenye televisheni na simu za nyumba ile. Programu kama Jellyfin hutolewa bure, na ikiisha kuwekwa yaweza kuonyesha vipindi pasipo intaneti. Programu hizi husoma majina. Ukiandika jina la mchezo wa mfululizo, kisha S01E02, seva itafahamu ya kuwa ni msimu wa kwanza, sehemu ya pili, nayo itatafuta picha na maelezo katika orodha za ng'ambo.

Lakini orodha hizo zajua zaidi michezo ya Marekani na Uingereza kuliko vipindi vyetu. Mashindano ya kwaya ya wilaya, hotuba ya mkuu wa shule, kipindi cha wazee wakisimulia habari za kale, vitu hivi tusipoviandika sisi wenyewe, hapana atakayetuandikia. Kwa hiyo tangulizeni mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Mathalan: "2012-08-12 Marathoni ya Olimpiki, London". Hiyo ndiyo siku Stephen Kiprotich alipoipatia Uganda nishani ya dhahabu, ya kwanza katika Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972. Tarehe zikiandikwa hivyo, kompyuta yenyewe hupanga mafaili kwa taratibu ya wakati.

Majina yakiisha, ndipo tuzungumze juu ya kugeuza. Kugeuza ni kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuhamisha picha na sauti kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kama kumimina maziwa kutoka kibuyu hadi chupa. Faili la .ts likihamishwa kuwa .mkv kwa MKVToolNix au FFmpeg, picha haiguswi, na kazi ni ya dakika chache. Namna ya pili ni kuichapa picha upya, kama HandBrake ifanyavyo. Hapo picha hupoteza kidogo kila mara, na kilichopotea hakirudi. Rekodi ya zamani ya MPEG-2 yaweza kupungua yapata nusu ikichapwa kwa H.264. Lakini ikiwa tayari ni H.264, faida ni ndogo na hasara ipo.

Wengine watasema diski itajaa. Haya, tufanye hesabu. Kipindi kinachotumia megabiti 4 kwa sekunde huchukua gigabaiti 1.8 kwa saa, basi diski ya terabaiti 1 yatosha saa zaidi ya 500. Wengine watasema, "Kila kitu kiko kwenye intaneti." Kiko leo, mwenye nacho akikiondoa kesho, hataomba ruhusa yako. Ni kweli pia ya kwamba ving'amuzi vingine hufunga rekodi zisifunguke penginepo, na kwamba kurekodi kwa ajili ya kutazama nyumbani si sawa na kuuza nakala sokoni. Mimi nanena juu ya zile zinazofunguka na za matumizi ya nyumbani.

Basi, vijana, likizo ijayo msikimbilie kugeuza. Ketini na baba, mama na babu mbele ya televisheni, mfungue faili moja moja, mwulize: huyu ni nani, ni mwaka gani, ni mahali gani? Andikeni. Tena msifute faili la asili mpaka nakala mpya imetazamwa mwanzo hata mwisho, na nyingine imewekwa katika diski ya pili. Nanyi wazee wetu, wasaidieni kwa kukumbuka, kwa kuwa diski yaweza kununuliwa dukani, bali kumbukumbu yenu haiuzwi popote.