Kipaji Hakiuzwi Dukani

Mfanyabiashara ana haki ya kusifu mali yake. Muuza jembe na aseme jembe lake ni kali. Muuza taa na aseme taa yake inang'aa. Hapana mwenye busara atakayewalaumu. Lakini siku muuza jembe atakapodai kuwa ndani ya mpini wake mna mavuno, atakuwa ametoka katika sifa na kuingia katika uongo. Hivyo ndivyo wafanyavyo baadhi ya wauzaji wa mitambo katika zama zetu. Hawaridhiki kutuuzia chombo, bali hutaka kutuuzia pia roho ya kukitumia.

Mwaka 1997 kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza kompyuta zake kwa picha za watu mashuhuri, miongoni mwao Gandhi, Einstein na Picasso. Gandhi alikufa mwaka 1948, Einstein mwaka 1955, na Picasso mwaka 1973. Kompyuta ya kwanza ya kampuni hiyo iliuzwa mwaka 1976. Hapana hata mmoja wa watatu hao aliyepata kuigusa. Walifikiri, wakahesabu na wakachora bila ya kifaa hicho. Kisha utukufu wao ukaazimwa ili kupamba bidhaa.

Mei 2024 kampuni hiyo hiyo ilitoa tangazo jingine, la kuuza iPad Pro. Ndani yake mtambo mkubwa ulishuka polepole ukaponda piano, tarumbeta, makopo ya rangi, vitabu na sanamu. Ulipoinuka, kilichobaki ni kifaa kimoja chembamba. Wasanii wa nchi nyingi walikasirika, na baada ya siku chache kampuni iliomba radhi. Kosa la tangazo lile lilikuwa kusema wazi fikira ambayo matangazo mengine huificha: kwamba kazi ya mikono na moyo wa mwanadamu yaweza kushindiliwa, kufungwa katika kisanduku, na kutiwa bei.

Miezi michache baadaye, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris, kampuni ya Google ilitangaza programu yake ya akili unde iitwayo Gemini. Baba mmoja katika tangazo anaiomba programu hiyo imsaidie binti yake mdogo kumwandikia barua mkimbiaji Sydney McLaughlin-Levrone, ampendaye mno. Watazamaji walilalamika, na tangazo likaondolewa katika vipindi vya michezo hiyo. Walikuwa na haki. Barua ya mtoto haithaminiwi kwa ufasaha wake. Thamani yake ni kwamba mtoto ameketi, ametafuta neno, amelikosa, amelifuta, na mwisho amelipata lililo lake.

Linganisha na Mwana Kupona wa Pate. Yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Tungo hilo limedumu hata leo kwa sababu mama mwenyewe alikuwamo ndani yake, na maradhi yake, na mapenzi yake. Nani angelihifadhi kama lingeagizwa kwa mwingine?

Atasema mtu: Je, kalamu si chombo? Wino na karatasi si vyombo? Ni vyombo, na kompyuta pia ni chombo, tena chema. Mwanafunzi aitumie bila ya hofu. Ugomvi wangu hauko na chombo. Uko na madai ya mwuzaji. Kalamu humngojea mwandishi afikiri. Mwuzaji wa leo hutuahidi kuwa hatutakuwa na haja ya kufikiri, kisha huita ahadi hiyo ubunifu. Ubunifu usio na taabu ya mbunifu ni jina tupu.

Kwa hiyo, ewe msomaji kijana, uonapo tangazo linalokuahidi kipaji, uliza maswali mawili. Kifaa hiki chanisaidia kusema nililo nalo, au chasema badala yangu? Na nikiondolewa kifaa, nitabaki na nini? Ukiwa na jibu la swali la pili, nunua ukitaka. Ukikosa jibu, weka fedha yako mfukoni, ushike kalamu, uanze kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapana duka liuzalo mgongo wa kuinamia.