BIRIANI YA SAA TANO USIKU



Ndugu zangu katika imani, siku hizi ukikaa barazani hazipiti dakika kumi bila kutajwa sukari. Huyu kakatwa kidole cha mguu, yule macho yameingia ukungu. Na lawama yote inaangukia chai na soda. Sawa, zina lawama yake. Lakini kuna jambo tunaliruka, nalo ni saa tunayokula.

Allah ameweka saa ndani ya mwili wa mwanadamu, na sisemi hivi kwa mfano wa mimbarini. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi, na waliijulia kwa vijinzi vya matunda! Saa kubwa iko ubongoni, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana, nayo hujirekebisha kwa mwanga. Ini, kongosho, misuli na mafuta navyo vina saa zake, na hizo zinasikiliza sana wakati wa chakula.

Kongosho hutoa insulini, inayoamuru viungo vipokee sukari kutoka damuni. Asubuhi viungo huitika upesi. Jioni huitika kwa uvivu. Giza likiingia, mwili unatoa melatonini, homoni ya usiku, na kongosho nalo linapunguza kasi. Kwa hiyo sahani ileile ya wali, ukiila saa mbili asubuhi kisha siku nyingine ukaila saa tano usiku, ya usiku ndiyo itakayopandisha sukari zaidi. Fanya hivyo miaka, kongosho linasukuma insulini nyingi kwa viungo vilivyokuwa sugu, mpaka lichoke. Kisukari cha aina ya pili kina milango mingi, na huu ni mmoja wao.

Usingizi nao umo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 11 wazima wa afya kwa muda wa saa nne tu kila usiku. Siku sita zilitosha kuifanya miili yao ishindwe kuitoa sukari damuni kwa kasi ya kawaida. Na mwaka 2018 kule Marekani, wanaume waliokuwa ukingoni mwa kisukari walimaliza kula kabla ya saa tisa alasiri kwa wiki tano. Viungo vyao vikaanza kuitika insulini vizuri zaidi, bila kupungua uzito.

Sasa turudi kwetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume ﷺ alichukia kulala kabla ya Isha na kupiga soga baada yake. Wanazuoni wamevua elimu, mgeni na mazungumzo ya mtu na ahli zake. Kuna atakayeniuliza, "Sheikh, na tahajjud je?" Swali zuri. Swala ya Nabii Daud alayhi salaam aliyoisifu Mtume ilikuwa hivi: analala nusu ya usiku, anasimama theluthi, kisha analala sudusi. Alianza kwa kulala. Sisi tunakesha na simu mpaka saa saba, tunaikosa Alfajiri, halafu tunajitetea kwa kisimamo cha usiku tusichokisimama.

Na wa kwanza kulaumiwa ni sisi wenye misikiti. Shughuli ya kheri inaanza baada ya Isha, wazungumzaji watano, na biriani inapakuliwa saa tano usiku kwa wazee ambao nusu yao wana vidonge vya sukari mfukoni. Tunawalisha kwa mapenzi, na tunawaumiza. Rai yangu kwa kamati: shughuli ianze baada ya Alasiri, watu wale baada ya Magharibi, Isha ikiswaliwa kila mtu aende kwake. Najua wapishi watanuna.

Ramadhani nayo ina lake. Sunna ni kuharakisha futari na kuichelewesha daku. Wengi wetu tunakula mfululizo kuanzia Magharibi mpaka saa sita usiku, kisha tunalala na tumbo zito na kuiacha daku.

Mlinzi, nesi na dereva wa basi la usiku siwasemi. Wanatafuta halali, na kukesha kwao si uzembe. Wao wale mlo mkubwa kabla ya kuingia zamu, na usiku wajizuie kadiri wanavyoweza. Tajiri anayemwachia mlinzi chipsi saa saba za usiku akidhani kamkirimu, ampe chakula hicho Magharibi.

Anayetumia dawa za sukari asibadilishe saa za kula wala asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu sukari ikishuka ghafla inaua upesi kuliko ikipanda. Na daktari Mwislamu mwaminifu akikwambia usifunge, hiyo ni rukhsa ya Mola wako, ipokee.

Wabillahi tawfiq.