Woga wenye silaha si ushujaa

Katika vijiji vya Mkula, wilayani Busega, kijana hukua akisikia habari za mashujaa. Mkoa wetu wa Simiyu, wenye makao yake makuu Bariadi, umepakana na Hifadhi ya Serengeti, na watu wa huku wamezoea kulala jicho moja likiwa wazi. Tembo huvuka mpaka wakaingia mashambani, fisi huinyemelea mifugo zizini, na kwa miaka mingi wezi wa ng'ombe walikuja usiku wakiwa na silaha. Katika nchi ya namna hiyo si ajabu kwamba mtu mwenye mkono imara husifiwa ngomani, na mwoga huchekwa hadi uzeeni.

Lakini liko kosa katika namna tunavyowasimulia vijana habari hizo. Tunawaambia kwamba shujaa ni mtu asiyeogopa. Maneno hayo ni mepesi kutamka na yanapendeza masikioni, ila si ya kweli, na uongo wake umeigharimu Usukuma roho za watu wengi. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba hofu imo ndani ya kila mpiganaji, na kwamba shujaa na mwoga hutofautiana pale kila mmoja anapoielekeza hofu yake.

Tuanze na historia ya Taifa letu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashujaa wa Mtwa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski, naye Zelewski mwenyewe akauawa. Wengi wetu tukisimulia habari za Mkwawa hukomea hapo. Hatusemi kwamba mtu huyohuyo aliyazungushia makao yake ya Kalenga ukuta mkubwa wa mawe. Mtu asiyemwogopa adui hajengi ukuta. Mkwawa aliujua uwezo wa mizinga ya Wajerumani, akaiogopa kama mtu yeyote mwenye akili timamu, na hofu hiyo ikamfanya ajiandae. Kalenga ilipoanguka mwezi Oktoba 1894, alikwenda porini akaendelea kuwasumbua wakoloni kwa karibu miaka minne, akiwindwa usiku na mchana, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe. Nani atadai kwamba katika miaka hiyo minne Mkwawa hakupata kuogopa?

Mfano wa pili ni Vita vya Maji Maji. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwa dawa ya maji, ambayo waliamini ingezuia risasi za Mjerumani. Wajerumani walimnyonga Mohoro mapema mwezi Agosti 1905, lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Tarehe 30 Agosti mwaka huohuo, maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge wakiwa na imani hiyo, wakafyekwa na bunduki za rashasha.

Hapana budi tuyatazame mambo haya kwa makini. Maji yaliwaondolea watu hofu, na kwa kuwaondolea hofu yaliwaondolea pia tahadhari. Hata hivyo vita havikuishia Mahenge. Viliendelea hadi mwaka 1907, na wengi walioendelea kupigana walikuwa wameona kwa macho yao kwamba risasi haigeuki maji. Walijua kwamba watakufa, wakabaki. Kwa maoni yangu, hao waliobaki baada ya dawa kushindwa ndio wanaostahili sifa kubwa zaidi katika historia ile, ingawa majina yao mengi hayakuandikwa.

Vivyo hivyo, Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia ardhi yetu ya Kagera, Mwalimu Nyerere hakuwaambia wananchi kwamba adui ni mnyonge wala kwamba risasi zake hazitaumiza. Aliwaambia kwamba tunao uwezo wa kumpiga, tunayo sababu ya kumpiga, na tunayo nia ya kumpiga. Alilitaka Taifa litumie akili. Hakulitaka lifumbe macho.

Hata wale ambao kazi yao ni kupigana ulingoni wanaijua elimu hii. Huko Marekani alikuwapo mwalimu wa ndondi, Cus D'Amato, aliyewafundisha vijana wake kwamba hofu ni kama moto: ukiutawala utakupikia chakula, ukiuachia utaiteketeza nyumba yako. Mmoja wa wanafunzi wake, Floyd Patterson, alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mwezi Septemba 1962, mjini Chicago, alipigwa na Sonny Liston katika raundi ya kwanza, akaondoka mjini akiwa amevaa ndevu za bandia kwa aibu. Patterson hakuyaficha mambo hayo. Aliyasimulia mwenyewe, na mwaka uliofuata akapanda tena ulingoni kupigana na Liston yuleyule. Alipigwa tena, lakini hofu yake aliipeleka mbele ya mtu mwenye nguvu kuliko yeye. Hakwenda nyumbani kumpiga mtoto.

Na wazee wetu wa Usukuma walikuwa na elimu yao. Chama cha Bayeye, cha watu wanaokamata nyoka na kucheza nao, hakikumpokea kijana kwa sababu ya kifua kipana. Kilimfundisha tabia za nyoka na dawa za sumu. Bayeye hawakudai kwamba nyoka hana sumu. Waliisoma hofu yao kama mtu asomavyo kitabu, ndipo wakanyosha mkono.

MWANO

Sasa tuje kwetu. Katika miaka ya 1981 na 1982, kusini mwa Usukuma na kaskazini mwa Unyamwezi, wananchi waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi walijiunga wakaunda vikundi vya ulinzi. Waliitwa Sungusungu, kwa jina la wale chungu weusi ambao mmoja si kitu, lakini wakija kwa wingi hata mnyama mkubwa hukimbia. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale. Mtu akiibiwa alipiga mwano, yaani yowe la kuomba msaada, na kila mwanamume aliyelisikia alipaswa kutoka. Filimbi zililia kutoka kijiji hadi kijiji, na nyayo za ng'ombe zikafuatwa usiku kucha.

Mwanzoni wako viongozi walioingiwa na mashaka kuhusu jeshi hili lisilo na sare. Lakini Chama kiliona kwamba jambo hili limetoka kwa wananchi wenyewe, kikaliunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili walinzi hawa watambuliwe. Leo, katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa, bado wapo.

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya kijana wa miaka ishirini anayetoka nyumbani kwake gizani, na upinde mkononi, akimfuata mtu ambaye huenda ana bunduki. Walinzi wengi walipewa dawa za kinga, kama wapiganaji wa Maji Maji. Lakini hakuna dawa inayozuia moyo kudunda. Kijana yule aliogopa, akaenda, kwa sababu ng'ombe wa jirani yake walikuwa wameibiwa na kwa sababu kesho mwano ungeweza kupigwa nyumbani kwake. Huo ni ushujaa halisi, na yeyote anayeubeza hajui maisha ya mfugaji.

MACHO MEKUNDU

Lakini ukweli una pande mbili, na mtu anayependa nchi yake husema pande zote. Baadhi ya vikundi hivyohivyo havikuishia kwa wezi. Viliwageukia watu waliodhaniwa kuwa wachawi, na mara nyingi mshukiwa alikuwa mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake. Wala jambo hili halikuanza na Sungusungu, wala halikuwa lao peke yao. Takwimu za Serikali zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na uchawi. Kati yao wanawake walikuwa 2,286, na zaidi ya nusu ya watu wote waliouawa walikuwa wa Usukuma.

Ushahidi wa wauaji ulikuwa nini? Mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Mama amepika maisha yake yote kwa samadi na mabua ya pamba, kwa sababu kuni zimekuwa adimu. Moshi umemla macho kwa miaka hamsini, akiwapikia watoto na wajukuu. Kisha mtoto wa jirani anakufa kwa homa, mganga anapiga ramli, na macho yale yale yaliyoharibika kwa kulisha ukoo yanageuzwa kuwa hati ya hukumu. Vijana wanakuja usiku na mapanga.

Vijana hao, wakikamatwa na kuulizwa, huweza kusema kwamba walikuwa wakiilinda jamii. Si kweli. Walikuwa wakiogopa. Waliogopa kifo kisicho na jina, waliogopa ugonjwa wasioujua, wakakosa ujasiri wa kukabiliana na hofu hiyo kwa elimu na kwa dawa za hospitali. Wakaitafutia hofu yao mtu dhaifu kuliko wote kijijini, asiye na upinde wala ndugu wa kumtetea, wakaishusha juu yake. Mtu anayekwenda kumi kwa mmoja, usiku, dhidi ya bibi aliyelala, ni mwoga mwenye silaha, hata kama juzi alimfukuza mwizi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya zamani, tusiyafukue. Laiti ingekuwa hivyo! Kuanzia mwaka 2007 Taifa lilishuhudia ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, hasa katika Kanda ya Ziwa, na mwezi Januari 2015 Serikali ililazimika kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sura ya anayeuawa ilibadilika, lakini woga ni uleule, na biashara ya kuulisha woga huo ni ileile.

Wako pia watakaosema kwamba mwandishi anawavunjia heshima walinzi wetu. La hasha. Ni kwa sababu tunawaheshimu ndiyo maana hatuwezi kukubali jina lao litumiwe na wauaji. Chama chetu, tangu enzi za TANU, kimewafundisha wanachama wake kwamba binadamu wote ni ndugu. Fundisho hilo halikumtoa mwanamke mzee wa Mkula.

Basi tufanye nini? Kwanza, wazazi na watunzi wa ngoma waache kuwaimbia watoto shujaa asiyeogopa, kwani mtu wa namna hiyo hajazaliwa. Wawafundishe kuitaja hofu yao bila haya na kuuliza inatoka wapi. Pili, viongozi wa Sungusungu na mabalozi wa mashina wahakikishe kwamba kila mlinzi anajua mipaka ya kazi yake: mshukiwa hukabidhiwa vyombo vya sheria akiwa mzima, na ramli si ushahidi. Tatu, mwano upigwe pia kwa ajili ya bibi kizee. Ikisikika minong'ono kwamba fulani anatajwa kuwa mchawi, hiyo ni hatari sawa na nyayo za wezi zizini, na wanaume wa kijiji wanapaswa kutoka na kulinda mlango wake.

Kazi hiyo itahitaji ujasiri mkubwa. Kumfuata mwizi, kijiji kizima kiko nyuma yako. Kusimama mlangoni kwa mjane anayeshukiwa, huenda kijiji kizima kiko mbele yako, na ndani ya moyo wako mwenyewe iko sauti inayouliza, je, kama ni kweli? Kijana atakayeisikia sauti hiyo, akatetemeka, na bado asiondoke pale mlangoni hadi kupambazuke, huyo ndiye anayestahili kuimbwa katika ngoma za Mkula.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa miaka mingi katika nchi yetu kilio kimekwenda katika nyumba za akina mama wasiopigana na mtu yeyote. Ni wajibu wetu, viongozi na wananchi, kukikomesha.