Leseni ya dalali si hati ya kiwanja

Nilipokuwa Jinja nikitafuta kiwanja upande wa Bugembe, dalali mmoja aliona nasita kumlipa ada ya kunipeleka kukiona. Alitia mkono mfukoni, akatoa karatasi yenye mhuri na kusema, "Mzee, usihofu, mimi nina leseni ya serikali."

Niliisoma. Ilikuwa leseni ya biashara, ya aina ile ile anayolipia mwenye duka la sukari na sabuni. Haikusema lolote kuhusu masomo yake, uaminifu wake, wala ardhi aliyokuwa akiiuza.

Hapo ndipo wanaponaswa wengi wanaorejea nyumbani kutoka ng'ambo, pamoja na wafanyabiashara wanaovuka Busia na Malaba wakitaka kuwekeza faida yao Jinja au Mbale. Miji hiyo miwili ilipandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020, na madalali wa viwanja hawakosekani.

Anayetoka upande wa Kenya huamini upesi, kwa sababu kwao neno leseni lina uzito. Kenya ilitunga Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Majengo mwaka 1984. Anayetaka kazi hiyo huomba kusajiliwa na bodi, akionyesha sifa zake. Hata akisajiliwa, ni lazima awe na cheti cha kufanyia kazi, ambacho hutolewa upya kila mwaka. Akivunja maadili, bodi yaweza kulifuta jina lake. Anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa hutenda kosa la jinai. Matapeli wapo Kenya pia, lakini angalau mnunuzi ana orodha ya kutazama na mahali pa kushtaki.

Uganda haina sheria ya namna hiyo. Muswada umezungumzwa miaka nenda miaka rudi. Wapima ardhi wana bodi yao na mawakili huchukua cheti kila mwaka, lakini dalali hana bodi ya kumhoji. Chama cha mawakala kipo, ila uanachama wake ni wa hiari. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu ya 2013 inawataka mawakala wa ardhi wajiandikishe kwa mamlaka inayofuatilia fedha hizo. Hiyo ni kinga dhidi ya fedha chafu. Haimsaidii mjane aliyeuziwa kiwanja cha mtu mwingine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, acha kumkagua dalali, ikague ardhi. Wizara ya Ardhi ina ofisi za kanda Jinja na Mbale. Nenda mwenyewe na namba ya hati, omba upekuzi rasmi, ujue hati ni ya nani na kama imewekwa rehani benki au ina zuio.

Kuna mitego mingine isiyoonekana kwenye leseni. Katikati ya miji hii yamo majengo ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Kabla ya kutoa hata shilingi, uliza kama jengo lilirejeshwa kwa mwenyewe chini ya sheria ya 1982, au lingali mikononi mwa bodi ya serikali inayosimamia mali hizo. Nje ya mji, hasa vijiji vya Mbale, ardhi nyingi ni ya kimila na haina hati. Hapo mashahidi wako ni majirani, wazee wa ukoo na mwenyekiti wa LC1. Aidha, Sheria ya Ardhi ya 1998 inakataza kuuza ardhi ambayo familia inaishi juu yake au kuitegemea kwa chakula bila idhini ya mke au mume.

Mfanyabiashara asiye raia wa Uganda akumbuke kuwa anaruhusiwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza 2010 liliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Naye anayerudi na pasipoti ya Uingereza au Marekani ahakikishe kwanza kwamba uraia wake pacha umeidhinishwa.

Nami nilifanya hivyo kwa kile kiwanja cha Bugembe. Daftari la ofisi ya kanda lilionyesha jina ambalo si la muuzaji niliyekutanishwa naye. Nilimpigia dalali simu, akakata. Niliporudi mjini wiki iliyofuata nilimkuta pale pale akiwa na mteja mwingine, na karatasi yake mkononi. Hakuwa amevunja sharti lolote la leseni ile, kwa kuwa haina sharti.

Hilo ndilo Bunge linapaswa kulirekebisha. Leseni humlinda mnunuzi pale tu mwenye nayo anapoogopa kunyang'anywa. Hadi siku hiyo ifike, nauli ya kwenda ofisi ya ardhi ni rahisi kuliko kesi.