Paka wa Nyumba Haingwa

"Hakuna wanyama." Maneno mawili, yamepigwa rangi nyekundu getini, chini ya namba ya kulipia kodi. Utayakuta Roysambu, Umoja, Pipeline, kote. Ukiuliza sababu, keyateka atakwambia ni sheria ya landilodi. Landilodi mwenyewe hujawahi kumwona. Unamjua kwa M-Pesa tu.

Sheria hii ni ya uonevu. Tumeimeza kwa sababu tunajiambia kufuga paka ni mambo ya watu wa Karen.

Hebu tuzipime sababu zake. Eti paka atakwaruza mlango. Basi dipoziti ni ya nini? Ulilipa kodi ya mwezi mzima hata kabla hujaingiza godoro, na siku ya kuhama itakatwa pesa za rangi, uwe umechafua ukuta au hujauchafua. Kucha za paka zimeshalipiwa. Eti atasumbua majirani. Na yule anayefungulia spika hadi saa nane usiku, mbona hakuandikwa getini?

Eti ni uchafu. Uchafu upi unaoshinda ule wa nyuma ya ploti, taka ambazo hakuna anayekuja kuzizoa? Pale ndipo panya wanapozaana. Panya hapewi notisi. Anatoboa mfuko wa unga, anakojoa kwenye sufuria, na mkojo wake unaweza kukuletea homa mbaya. Dawa tunayoruhusiwa ni ya yule mchuuzi wa kipaza sauti: ya panya, ya mende, ya kunguni. Yaani sumu kwenye bedsita anamotambaa mtoto ni sawa, lakini paka ndiye tatizo.

Usitegemee sana sheria ya nchi ikutetee. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inamlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe bedsita ya bei hiyo Roysambu. Sisi wengine tunaishi kwa mkataba ulioandikwa na upande mmoja, tukatia sahihi tukiwa tumesimama, gari la kuhamisha vitu likingoja nje.

Kwa hivyo paka ni kisingizio. Swali ni kama pale unapolipia ni nyumba yako au ni stoo ya kukuhifadhi usiku hadi uende kazini. Kuna watu huu mji wanarudi jioni na hakuna kiumbe hata kimoja kinachoinua kichwa mlango ukifunguka. Kuwanyima hata paka si usafi. Ni ubahili wa roho.

Lakini na sisi wapangaji tusijifanye malaika. Kuna wanaofuga kwa siri, wakipata nyumba mpya yenye geti kali wanahama usiku na kumwacha paka kwenye ngazi. Hilo ni kosa kisheria: Sura ya 360, inayozuia ukatili kwa wanyama, inakataza kumtelekeza mnyama hadi ateseke. Wengine hawamfungi kizazi paka jike, na mimba yake ni wiki tisa tu. Kabla mwaka uishe ploti nzima inalia usiku, na landilodi amepata ushahidi aliokuwa akiutafuta.

Ninachotaka kinatosha mstari mmoja wa mkataba: paka mmoja kwa nyumba, amehasiwa, amechanjwa kichaa cha mbwa, mchanga wake unabadilishwa, na akiharibu kitu dipoziti inakatwa, risiti ikionyeshwa. Landilodi hapotezi hata shilingi. Ulizeni mstari huo kabla ya kulipa, wakati bado mnahitajiwa, na muulize mkiwa wengi. Mpangaji mmoja ataambiwa atafute kwingine. Ishirini hawaambiwi hivyo, maana nyumba tupu haileti kodi.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi kama ndege wa shambani. Hawakuuliza nyumba ni ya nani. Walijua ni ya anayelala ndani.